Dume la Kuazima

Kabla hujamshika samaki, lowesha mikono. Mkono mkavu unamvua ute wake, na samaki asiye na ute huugua haraka. Naanza na hilo kwa sababu juzi nilipita kituoni nikamwona kijana mwenye diploma amemshika dume la mbegu kwa mikono mikavu, simu ameibana kati ya bega na sikio. Nilimsalimia kwa adabu, nikaondoka kabla sijasema neno la kuniharibia chai ya saa nne.

Mimi ni Kyalo. Nimezalisha vifaranga vya tilapia karibu maisha yangu yote ya kazi, katika kituo kidogo nje ya Mukuyuni, chenye matangi ya saruji na mabwawa machache ya udongo. Sokoni wananiita Bwana Makuyu, maana kwa Kikamba makuyu ni samaki. Msidhani ni jina la sifa. Nilipoanza, watu wetu hawakuwa na habari na samaki. Mama yangu mzazi alikataa kabisa kumla, akisema huyo ni nyoka aliyekatwa mkia. Nilimla mbele yake, nikalala, nikaamka mzima. Akasema tungoje wiki moja.

Nyinyi mlioingia kazini juzi mmeniomba niwaandikie namna ya kutofautisha dume na jike kwa macho. Nitawaandikia. Lakini siwezi kuwapa maarifa bila kuwapa na makosa yaliyoyaleta, kwa hiyo vumilieni. Mzee akianza kusimulia, hata yeye hajui atatokea wapi.

Kwanza mjue kwa nini tunajisumbua. Tilapia ni mzazi kupita kiasi. Jike akishafika ukubwa wa kiganja cha mtoto, anataga. Mayai anayabeba mdomoni, hali kitu karibu wiki mbili, halafu akiwaachia watoto wake anapumzika kidogo na kuanza tena. Mwili wake wote unaishia kwenye malezi. Ukiweka madume na majike pamoja kwenye silanga moja, yaani bwawa la shambani, baada ya miezi sita unavua umati. Unavua vidole, si samaki. Ndiyo maana mfugaji anataka madume watupu: hawazai, hawafungi mdomo kwa wiki mbili, wanakula na kukua tu. Kuna watu wa namna hiyo pia, lakini leo tunazungumzia samaki.

Aliyenifundisha kuwatambua ni mzee mmoja wa ziwani aliyeitwa Owino. Alikuja kwetu na koti moja na chupa ya wino wa bluu. Unamlaza samaki chali kwenye kiganja, unapaka tone la wino nyuma ya mapezi ya tumbo, unafuta, unatazama. Wino unabaki kwenye vijitundu. Dume ana viwili: cha choo, na kimoja kwenye ncha kinachofanya kazi mbili. Jike ana vitatu: cha choo, cha mkojo, na katikati mkato mdogo wa kutolea mayai. Mwanzoni hutaona kitu ila bluu. Ukishawatazama elfu moja hivi, wino hauhitajiki tena.

Owino hakuwa mtu wa kusifu. Samaki hamsini niliosema ni madume aliwaweka kwenye tangi peke yao, akafunika, akanyamaza. Miezi miwili baadaye aliniita asubuhi.

"Kyalo, njoo usalimie wajukuu zako."

Tangini kulikuwa na wingu la vitoto vinaogelea. Nilirudia zoezi lile mara tano mpaka siku moja tangi likakaa bila mjukuu hata mmoja. Owino akachungulia, akasema, "Sawa," akaenda kunywa chai. Nilitembea siku nzima kama nimeoa.

Siku hizo alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likanichosha: usitazame ukubwa, tazama chini. Dume hukua haraka, ni kweli, lakini kati ya vifaranga mia kuna jike mlafi na dume mvivu. Ukichagua kwa ukubwa unajidanganya. Nililijua neno hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado mtaona nililifanyia nini.

Halafu ikaja dawa. Samaki akianza tu kula, mwili wake bado haujaamua awe dume au jike. Ukimlisha homoni ya kiume kwenye chakula kwa wiki tatu au nne za mwanzo, karibu wote wanageuka madume. Chakula hicho kinakaushwa kivulini, si juani, maana jua linaua dawa. Vaeni glovu na barakoa, msione haya. Mimi mwanzoni nilikichanganya kwa mikono mitupu, na Owino akaniuliza kama nataka kunyoa mara mbili kwa siku.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na ndipo nilipojikwaa, kwa hiyo msisome haraka. Kila samaki wetu amebeba urithi wa jinsia wa vipande viwili. Jike ana X na X. Dume ana X na Y. Mama anatoa kipande kimoja, na kwa kuwa ana X tu, hana kingine cha kutoa. Baba anatoa X au Y. Akitoa X, mtoto ni jike. Akitoa Y, ni dume. Kwa hiyo anayeamua ni baba, na kwa kawaida watoto wanatoka nusu kwa nusu. Dawa inageuza mwili. Urithi haiugusi.

Binadamu naye ni hivyo hivyo. Siku moja nilikuwa Matiliku nikiwaeleza wakulima habari hii. Palikuwa na shemasi mmoja, baba wa wasichana watano, ambaye kijiji kizima kilijua anamlaumu mkewe. Akanyoosha mkono.

"Kwa hivyo unasema ni mimi?"

"Ni wewe, shemasi."

Mkewe alikuwa ameketi nyuma kabisa. Akasema kwa upole, "Mwalimu, rudia hapo, sidhani amesikia poa."

Nilirudia. Shemasi yule hadi leo akiniona anavuka barabara.

Mambo si rahisi hivyo kila mahali. Kuna tilapia wa aina nyingine ambao mama ndiye anayeamua. Joto nalo lina mkono wake: maji yakipata moto sana siku za mwanzo, baadhi ya majike huishia kuwa madume bila dawa yoyote. Na siku hizi nyinyi mna madume wa mbegu wenye Y mbili, ambao watoto wao karibu wote ni madume. Mimi nilisikia habari zao nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Sikuwaonea wivu. Niliwaonea kidogo tu.

Basi tuje kwa Mama Mwende.

Mama Mwende ni mjane wa Kanyangi. Mumewe alimwachia shamba na silanga lenye karatasi ya plastiki chini, la kuvunia maji ya mvua. Akaamua kufuga samaki. Mara ya kwanza alipewa vifaranga mchanganyiko na mtu nisiyemjua, na alipovua akapata vidole, ndoo kwa ndoo. Shemeji yake Mutuku, kaka mkubwa wa marehemu, ana michungwa jirani na silanga, na michungwa ile ina kiu. Akaitisha kikao cha familia. Ikaamuliwa hivi: Mama Mwende avune mara moja tena. Samaki wakifika urefu wa mkono, kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, silanga ni lake milele na hakuna atakayelitaja. Wasipofika, maji yanakwenda kwenye michungwa na yeye anarudi kwenye kilimo cha ndengu, choroko za kwetu.

Alikuja kituoni mwenyewe, na jina langu alilipata sokoni.

"Nataka madume peke yake," akasema, "na sitaki ya dawa."

"Kwa nini hutaki ya dawa, mama?"

"Kule kanisa wanasema mwanamke akikula hiyo samaki anaota ndevu. Mimi siamini. Lakini wanaonunua ndio hao wanaamini."

Nilimweleza kwamba samaki akifika sahanini dawa imeshatoka mwilini miezi mingi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye haendi kubishana na kwaya. Nikaona anasema kweli. Nikamwahidi nitamlelea vifaranga bila dawa mpaka wafike ukubwa wa kuonekana, halafu nitamchagulia madume mia tatu kwa macho yangu. Nilijipiga kifua, maana nilikuwa bado na sifa za tangi lile lisilo na mjukuu.

Mwaka huo mvua ilikuwa imetukimbia. Kisima kilitoa maji kwa kuhesabiwa. Tulikuwa tunawaweka madume wa mbegu tangi lao na majike lao, kama inavyotakiwa, na asubuhi moja tukakuta bomba la tangi la madume limeziba na madume wote wanaelea. Majike wazima, wamenona, tayari kutaga, na hakuna baba.

Fikirini mngefanya nini. Mngepiga simu kutafuta mbegu safi, najua. Mimi nilifanya kama baba yangu. Kwetu ukikosa nthenge, yaani beberu, huendi sokoni. Unakwenda kwa jirani, unasalimia, mnazungumza habari za mvua, halafu unaondoka na nthenge wake kwa kamba. Ukimaliza unamrudisha na kitu kidogo cha shukrani. Hakuna anayekataa, mtu akikunyima dume hata majirani zake wanamshangaa. Basi nikaenda Matiliku kwa mkulima mmoja aliyekuwa na samaki wakubwa kuliko wote. Nilisalimia. Tulizungumza habari za mvua. Akanivulia dume mmoja, mpana, kidevu kimewiva wekundu, mkali hata ndani ya ndoo. Nilimpelekea kibuyu cha asali. Kituoni tulimwita Nthenge.

Mnaojua kusoma mbele mmeshaona shimo. Mkulima yule alikuwa mteja wetu. Vifaranga vyake vilitoka kwetu, vya dawa. Mbuzi wa kuazima ana urithi wa mbuzi dume, wala hakuna aliyemgeuza akiwa mchanga. Mimi nilimtendea samaki kama mbuzi.

Nthenge alifanya kazi yake bila kuchoka. Tukapata watoto tele. Walipofika ukubwa wa kuchaguliwa niliketi kwenye kigoda, ndoo mbili mbele yangu, ya madume na ya majike. Upande wa pili aliketi Kasyoka, binti aliyekuwa ametoka chuoni mwaka ule, kazi yake kuandika hesabu.

Samaki wa kwanza: vitatu. Wa pili: vitatu. Wa kumi: vitatu. Nikavua miwani nikaipangusa. Wa ishirini: vitatu. Nikaagiza wino wa Owino. Bluu ikakaa kwenye vijitundu vitatu, waziwazi, kama imechorwa.

"Mzee," Kasyoka akasema taratibu, "hii batch yote ni wasichana."

"Haiwezekani. Nusu lazima wawe madume."

"Lakini si tunaona?"

"Macho yangu yamezeeka, binti. Sheria haizeeki."

Hapo nilikosea. Nilijua kwa hakika kwamba watoto ni nusu kwa nusu, na kwa sababu nilijua, nikakataa kuona. Nikasema basi wakubwa ndio madume. Wakubwa mia tatu nikawatia ndoo ya kulia. Kasyoka aliandika nilichosema. Ninakumbuka aliandika polepole sana.

Tukawapeleka Kanyangi. Mama Mwende aliwatia majini mwenyewe, akaomba dua fupi ukingoni, akaniuliza mara ngapi kwa siku atawalisha. Ni mtu wa kufuata maagizo kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Mara mbili, nikamwambia, na ukiona chakula kinabaki juu baada ya dakika kumi, kesho punguza.

Baada ya miezi mitatu tulirudi na Kasyoka kuwapima. Tulivuta wavu tukawatoa ishirini, tukawatia kwenye beseni, tukawatundika kwenye mizani mmoja mmoja. Sasa walikuwa wakubwa, hata asiye na miwani angeona. Vitatu. Vitatu. Vitatu. Kasyoka aliandika uzito peke yake, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo.

Mama Mwende alikuwa amesimama ukingoni na kikapu cha chakula.

"Wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri," nikasema.

Njiani kurudi Kasyoka aliniuliza, "Mzee, huyo Nthenge mlitoa wapi?"

Nikamwambia. Tulipofika alichukua mfuko mtupu wa chakula, akachora na kaa la jikoni.

"Alikula dawa akiwa mdogo?"

"Alikula. Tulimuuzia sisi wenyewe."

"Basi mwili ni wa dume, lakini ndani anaweza kuwa X mbili. Baba X mbili, mama X mbili. Hiyo Y watoto watatoa wapi?"

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilikuwa nawaeleza watu kwamba dawa haigusi urithi, nikasimama hata mbele ya shemasi, na siku ilipofika ya kulitumia neno lile nikaenda kuazima. Macho yangu yalikuwa mazima kabisa. Yaliniambia kweli samaki kwa samaki, na mimi nikayaita ya mzee.

Mtauliza kwa nini sikurudi Kanyangi siku iliyofuata. Niliona haya. Niliogopa pia, nilimwona akilini Mutuku akichimba mifereji ya michungwa na mjane yule akipanda ndengu kwa sababu yangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nawaambieni hata fupi hiyo inachosha. Nilikaa wiki tatu. Kila asubuhi nilijiambia kesho. Kasyoka alipoona siendi alinitengenezea hoja.

"Mzee, sikiliza. Hawana dume hata mmoja. Bila dume hawazai. Watakua pole kuliko madume, lakini watakua. Hao si kama wale mchanganyiko wa kwanza. Shida ni dume mmoja akiingia tu. Majike mia tatu na dume mmoja, hiyo silanga itajaa. Na yule mama hajui, kwa hivyo hawezi kuchunga."

Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitini. Mficha uchi hazai, na mimi kwa kuficha nilikuwa nakaribia kuwazalisha samaki wa mtu. Nilipanda pikipiki mpaka Kanyangi.

Alinikaribisha jikoni, akanipa kigoda.

"Mama Mwende, nimekuja na neno."

"Keti. Chai iko."

"Hawa samaki niliokuletea si madume. Ni majike. Wote."

Alimimina chai mpaka ukingoni, hakumwaga.

"Na ulijua lini?"

"Siku ile ya mizani."

"Hiyo ni wiki tatu."

"Ni wiki tatu."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa nayo njia nzima, hata nikayapanga. Hayakuja. Akasukuma kikombe kwangu.

"Kunywa chai. Halafu uniambie tutafanya nini."

Nikamwambia. Aongeze mwezi mmoja zaidi kabla ya kuvua. Alishe bila kuruka siku. Afunge neti ya matundu madogo kwenye mfereji unaoingiza maji, maana mvua ikija inaweza kuleta samaki kutoka mabwawa ya juu. Asiruhusu mtu kutumbukiza ndoo iliyotoka kwenye silanga jingine. Na zaidi ya yote, asikubali dume, hata wa zawadi. Alirudia kila neno kwa sauti, akiwa amekunja vidole.

Siku niliyorudi kufunga ile neti, Mutuku akatokea na pikipiki, ndoo imefungwa nyuma. Shemeji yake alikuwa amemweleza ukweli wote, na habari imekwisha zunguka ukoo.

"Shemeji," akasema, "nimesikia shida yako. Nimekuletea nthenge wawili. Wametoka kwa rafiki yangu. Sitaki kitu."

Nikafumba macho. Mnadhani alikuwa na hila? Hata kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya jambo jema linalomwuma.

"Mimi nataka hii maji," akaendelea, "siwezi danganya. Lakini sitaki watu waseme nilimshinda mjane kwa sababu alikosa dume. Jike mia tatu bila nthenge, hata Mungu haoni vizuri."

Nilifungua mdomo. Mama Mwende akaninyamazisha kwa jicho moja, akachukua ndoo, akachungulia.

"Ni wazuri."

"Sana."

"Asante, shemeji. Keti hapo kwa kivuli na Bwana Kyalo, msiondoke."

Akaingia jikoni na ndoo. Tulizungumza habari za machungwa. Baada ya muda harufu ya kitunguu ikatoka dirishani. Mutuku akanusa akasema, leo tumepata bahati. Nikakubali kwamba tumepata. Chakula kikaja: ugali, sukuma, na samaki wawili wa kukaanga wenye videvu vyekundu. Mutuku alikuwa amekula upande mmoja mzima ndipo alipotua mkono.

"Shemeji, hawa samaki umetoa wapi, na hujavua?"

"Kwa ndoo."

Alinitazama mimi, akatazama ndoo iliyokuwa imefunikwa kando ya mlango, akatazama sahani. Halafu akageuza samaki akaendelea na upande wa pili. Ni hapo tu Mama Mwende alipomweleza kwamba wale wawili wangempa watoto elfu, na watoto elfu wangempa yeye Mutuku silanga. Mutuku alitafuna akifikiri.

"Kwa hivyo ningekuwa nimenyamaza nikutupie hao, ningeshinda?"

"Ungeshinda."

"Asi," akasema. "Wema ni kitu hatari."

Siku ya kuvua tulikuwa watu kama thelathini ukingoni, ukoo, akina mama wa kanisa, na Kasyoka na kitabu chake. Wavu ulivutwa mara moja. Walikuja wakirukaruka, hakuna kitoto hata kimoja kati yao. Nilitazama maji baada ya wavu kupita, nikayatazama tena. Lakini nilipowaona kwenye beseni nilijua. Hawakuwa wamefika ukubwa wa madume. Mutuku akamwita Mama Mwende karibu, akalowesha mkono majini bila kuambiwa na mtu, akamlaza samaki wa kwanza juu ya mkono wake, mkia kwenye kifundo. Pua ilikomea chini ya ukucha wa kidole cha kati.

Akamweka wa pili. Chini ya ukucha. Wa tatu, wa nne, wa tano, wote pale pale. Mama Mwende alikuwa ameshika ncha ya leso yake. Mutuku akapima kumi, akanyoosha mgongo.

"Mwaka ule alivua vidole," akawaambia watu wake. "Leo amevua mkono, umekosa kucha tu. Mimi siwezi kuchukua silanga ya mtu kwa sababu ya kucha."

Akamkabidhi Mama Mwende yule samaki wa kumi kwa mikono miwili, kama inavyotolewa zawadi, akaenda kutazama michungwa yake. Akina mama walianza kuimba. Mimi nilipiga makofi na machozi yananitoka, wala sioni haya kuyaandika.

Jioni, watu walipokuwa wakifunga mizigo, Mama Mwende aliketi kando yangu akiparua samaki. Akampasua mmoja, akanionyesha mayai ya manjano yaliyojaa tumbo.

"Hii niliona kitambo," akasema. "Mgeni alinitembelea, nikavua mmoja nimpikie. Mayai. Nikasema labda ni huyo tu. Nikavua mwingine, mayai. Wa tatu, mayai."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Kabla mje na mizani."

Nilihesabu kichwani. Siku ile niliposema wanaendelea vizuri, alikuwa amesimama pale na kikapu chake, anajua.

"Na hukuniambia?"

"Ungemaliza mwezi bila kuja, ningemwita Mutuku mimi mwenyewe achukue maji. Mtu hawezi kufuga kitu hajui akifundishwa na mtu anamficha." Akatupa magamba kando, akachukua samaki mwingine. "Samaki nilikuwa nimeshapima, Bwana Kyalo. Nilikuwa nimebakisha wewe."